Mpagazi Aliyeliliwa Nzuguni

Kila anayejua kwamba nina sanduku la vitabu huja na swali lile lile: "Bibi, hadithi ipi nzuri nianze nayo?" Hunikera, sikufichi. Nzuri kwa nani? Mtu haendi kwa mganga akasema nipe dawa nzuri. Sema kwanza kinachokuuma. Umeoa juzi? Umefiwa? Umegombana na mama mkwe? Hapo nitajua nikupe kitabu cha mapenzi, cha wezi, cha majini au cha safari. Ukinijibu "chochote tu," nitakupa kahawa, unywe, uende zako.

Ukali huu sikuokota njiani. Nimeupata wakati wa Mdachi, pale Dodoma, kwenye baraza ya mume wangu. Yeye alikuwa fundi cherehani, na duka lake lilitazama soko, hatua chache tu kutoka stesheni. Reli ilikuwa mpya. Gari moshi likipiga kelele, mbuzi wa soko zima walikata kamba, na wanawake walioleta samli walikumbatia vibuyu vyao kama watoto. Mimi nilitoka Kondoa, binti wa mwalimu wa chuo. Baba alinifundisha herufi za Kiarabu kwa kiboko, na hizi za Kizungu nilifundishwa na karani wa simu kwa uvumilivu. Wapo waliosema mke wa fundi amekosa kazi, kutwa na karatasi usoni. Niliwajibu kwamba kazi ninayo, akili ya kuwasikiliza ndiyo sina.

Karani alikuwa mtu wa Pwani, na alikuja na vitabu vya hadithi. Vingine vilipigwa chapa, vingine viliandikwa kwa mkono, na karibu vyote vilikuwa havina majalada. Majina ya waliovitunga yalikwenda na majalada. Basi tukawa na desturi yetu pale barazani. Kusifu kitabu bure kulikatazwa. Ukisema kitabu ni kizuri, kifungue, utusomee mwanzo wake kwa sauti mpaka birika la kahawa liishe, kisha ukifunge pap! Mtu akiuliza "halafu?" umeshinda. Watu wakianza kuzungumzia mvua, umeshindwa, na kahawa ya siku inayofuata ni juu yako.

Kila mmoja alikuwa na ugonjwa wake. Karani, mtu mpole ambaye hata mbuzi akimpita alimwomba radhi, alitaka wezi na visu. Mume wangu alipenda mapenzi, na palipokuwa na mahali pa kulia alijifanya anatafuta sindano chini ya cherehani. Mimi nilikuwa mtu wa safari. Kitabu changu kilikuwa cha mpagazi mmoja wa Ugogo aliyefuata msafara kwenda maziwani. Kinaanza kwa mama yake kumfungia unga wa uwele kwenye ngozi. Kijana anajitwisha mzigo, masikio yake yametogwa na kuning'inia, anaondoka bila kugeuka. Ila anapiga mluzi, ule wa kuitia ng'ombe, mpaka avuke kilima, ili mama ajue bado yuko karibu. Mluzi unakatika. Mama anabaki mlangoni.

Siku niliyokisifu nilisoma mpaka hapo, birika likaisha, nikafunga. Sikungoja sana. Kwenye kona ya baraza alikuwa amepumzika mama mmoja wa Nzuguni, mjane, aliyekuja sokoni kuuza samli. Tulimjua kwa sura na kwa samli yake nzuri isiyochanganywa. Akasimama, mkono kifuani.

"Halafu amekwenda wapi?" akaniuliza. "Huyo ni mwanangu."

Nilicheka. Nikamtazama, nikaona hachezi, kicheko kikanifia mdomoni.

Mwanawe alikuwa ameondoka na msafara kabla reli haijafika. Hakurudi, wala salamu hakuleta. Wapagazi waliorudi waliulizwa, hakuna aliyejua. Na sasa, baada ya miaka ya kuuliza kila mpita njia, anasikia mwanamke mmoja anasoma habari zake kwenye karatasi.

Msimcheke. Kumbukeni karatasi wakati ule ilikuwa kitu gani. Karatasi tulizozijua zilitoka bomani kwa bwana shauri: fulani alipe kodi ya kibanda, fulani aletwe. Karatasi ikisema kuna mtu, mtu huyo yupo, na askari yuko njiani kumfuata. Hadithi Wagogo walikuwa nazo, tele, lakini zilikaa mdomoni, zina fisi na sungura, na zilisimuliwa jioni baada ya mavuno. Nani aliwahi kuona karatasi inayomsema mtu asiyekuwepo? Wagogo wote waliokaa barazani siku ile walikubaliana naye. Mmoja alimpa pongezi.

"Mama," nikamwambia, "mtu huyu hayupo. Kuna mtu Pwani ameketi akamtunga."

"Amtunge kwa nini? Hana shamba?"

"Ndiyo kazi yake."

"Na mluzi je? Mluzi kaambiwa na nani?"

Alinieleza kwamba mwanawe aliondoka alfajiri, akipiga mluzi wa ng'ombe mpaka alipovuka kilima, na jambo hilo hajawahi kumwambia mtu, kwa sababu ni lake. Mume wangu aliacha kukanyaga cherehani.

Toka hapo, kila siku ya soko alikuja. Samli ilipoisha, na hata kabla haijaisha, alikaa miguuni pangu na kusema, "Haya, amefika wapi?" Nikasoma mpagazi anavuka mbuga kavu, anapewa maji na watu asiowajua, anachokozwa na wenzake kwa kula sana. Hapo mama alicheka mpaka akashika mbavu. "Ndiye! Ndiye huyo, tangu utoto!" Nyumbani kwake, nilisikia, aliipaka mafuta ngozi ya kulalia ya mwanawe, akaikunjua juani. Sauti yake ilibadilika. Hata bei ya samli alianza kupunguza, jambo ambalo sokoni lilizua maneno.

Mimi nilikuwa sipati raha. Kitabu nilikuwa nimekimaliza zamani, mara nyingi. Nilijua kwamba yule mpagazi anaugua homa akikaribia ziwa, anafariki, na wenzake wanamzika kando ya njia, wanagawana mzigo wake na kuondoka kwa sababu mnyapara hangoji. Nikawa nasoma polepole. Ukurasa mmoja niliufanya wa siku nzima, nikikohoa, nikisingizia macho. Karani alinong'ona, "Dada, kitabu hakiongezeki." Nilimwambia anyamaze.

Kisha akaja shemeji yake yule mama, mdogo wa marehemu mumewe. Mzee mrefu, wa heshima zake, fimbo mkononi, na nyuma yake ndugu wengine wa ukoo. Tuliwapa shikamoo na viti, wakakataa viti. Jambo lililowaleta lilikuwa hili. Kijana alipoondoka aliacha ng'ombe. Miaka mingi ukoo ulitaka umfanyie matanga, mambo yaishe na ng'ombe wagawanywe. Mama alikataa. Mtu asiyezikwa hagawanywi mali, alisema, na yeye aliishi kwa maziwa ya ng'ombe wale wale. Walishindwa kumlazimisha, wakangoja. Sasa ametangaza mwenyewe, kwa furaha, Nzuguni nzima, kwamba habari za mwanawe ziko kwenye kitabu cha mke wa fundi.

"Vizuri," alisema mzee. "Asiyekuwepo na lake halipo, lakini tusije tukamdhulumu mtoto wetu. Sisi tumekuja kusikia. Kitabu kina mwisho?"

"Kinao," nilisema.

"Mwishoni yu hai?"

Mama wee! Niliona mtego wote kwa mara moja. Aliyeutega hakuwa mzee, ni mama mwenyewe, kwa mikono yake. Kama kitabu ni shahidi kwamba kijana alionekana, basi ni shahidi pia kwamba alikufa. Nikimaliza kusoma, leo leo atapewa matanga ya mtu ambaye huenda yu hai, na ng'ombe watatoka zizini. Mama alikuwa ananitazama akitabasamu, anangoja nimwambie mzee "yu hai," amkomeshe.

"Sisomi," nikasema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu huyu si mtoto wenu. Huyu si mtoto wa mtu. Ametungwa!"

Mzee alinitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu aliyekunywa pombe asubuhi. "Nani akae akaandike uongo mrefu kiasi hicho," alisema, "na karatasi ilivyo ghali?"

Nilichachamaa. Nikaleta vitabu vyote. Kama huyu ni wa kweli, basi na hawa ni wa kweli! Nikawasomea mwizi wa karani anayeiba dirishani. Mzee akauliza kama alichapwa viboko bomani na vingapi. Nikawasomea mapenzi ya mume wangu, msichana anayejifungia chumbani asile. Wazee wakaulizana huyo msichana ni wa ukoo gani, wasije wakamwoa. Nikawasomea majini. Hapo walicheka, wakasema, "Ah, hii ni hadithi." Jini aliwasaidia kuona. Lakini wapi, mpagazi si jini, mpagazi ni mtu, ana masikio kama yao na njaa kama yao. Nikakata tamaa. Nilikuwa karibu kulia mbele ya wageni.

Ndipo karani, yule mpole, akasimama, akamwomba mzee radhi kama kawaida yake, na kumwomba atuonyeshe jambo. "Mzee wangu, mtoe mtu kichwani mwako. Mtu ambaye hayupo duniani. Niambie mimi peke yangu, taratibu, nami nitamwandika. Huyu dada ataingia ndani, hatasikia."

Mzee aliona ni mchezo wa kitoto, lakini ukoo ulikuwa unatazama. Niliingia chumbani, mama wa Nzuguni akasimama mlangoni kunilinda nisitege sikio. Nilisikia tu mnong'ono, na kalamu inakwaruza. Nilipoitwa, karani akanipa karatasi, wino haujakauka. Nikasoma kwa sauti.

Palikuwa na mtu wa Haneti, mnene, tajiri, aliyemwogopa mke wake. Alikuwa na ng'ombe mwenye pembe moja. Kila alipogombezwa alikwenda kulala zizini, kichwa chake amekilaza ubavuni mwa ng'ombe yule, kwa sababu ndiye peke yake asiyekuwa na pembe ya kumchoma upande huo.

Mzee alikuwa amefungua mdomo. Akanijia karibu, akaitazama karatasi, akanitazama midomo, akaitazama tena karatasi. "Nani kakwambia?"

"Karatasi, mzee."

Mama akamgeukia. "Shemeji, huyo mtu wa Haneti yuko?"

"Hayupo," alisema mzee. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nimemtoa hapa." Akagusa paji la uso wake, kwa ncha ya kidole, taratibu, utadhani hapo pamepata moto.

Nimeona watu wakiona gari moshi kwa mara ya kwanza. Nimeona mzee kipofu akipewa mjukuu amshike. Sijaona tena uso wa namna ile. Alijua kwamba mtu yule hakuzaliwa, hakula, hakulala popote. Na bado kila mmoja pale barazani alikuwa amemwona zizini, amejikunja, ng'ombe anatafuna. Mume wangu alitema uzi aliokuwa ameushika mdomoni. Hata mimi niliyesoma tangu utoto niliishika karatasi kwa mikono miwili. Nilikuwa sijawahi kusimama mahali anapotoka mtu wa hadithi.

Kutoka nyuma ndugu mmoja wa ukoo akauliza, "Halafu? Pembe ya pili ilikwenda wapi?"

Na mzee, wala hakufikiri, akamjibu. Ilivunjwa na mke, alisema, kwa mchi. Kwa nini? Ah, ngoja. Akavuta kiti alichokikataa, akaketi. Karani alichovya kalamu. Tulikaa pale mpaka soko likatawanyika, na yule mtu wa Haneti akapata shamba, na wakwe, na aibu moja kubwa harusini. Mzee alikuwa anacheka na kufuta machozi. Alipoinuka kuondoka akakumbuka kilichomleta. Akakohoa, akaweka uso wa heshima.

"Basi karatasi si shahidi," akawaambia ndugu zake. "Ng'ombe wakae. Tungoje mdomo wa mtu."

Nilitaka kupiga vigelegele. Nikamgeukia mama nimshike mikono. Hakuwepo. Alikuwa amejitwika kibuyu chake, anakwenda zake kwa njia ya Nzuguni, mgongo umepinda. Hapo nikafahamu nilichomfanyia. Nimemwokolea ng'ombe wake, nimemwepusha na matanga, na kwa mkono huo huo nimemnyang'anya mwana. Asubuhi alikuwa naye, anavuka mbuga, anachekwa kwa kula sana. Jioni hana. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi wakati ule sikuwa nimezaa, lakini nilikaa chini nikalia.

Hakuja siku ya soko iliyofuata, wala ile nyingine. Samli tulinunua kwa watu, mbaya, ina unga ndani. Nilijisemea basi, amenichukia, na ana haki.

Siku aliyokuja aliketi mahali pake, bila kibuyu. Nilimsalimu, akaitikia. Nikaharakisha kumtafutia kitu cha kumpoza. Nilijaribu kitabu cha mapenzi. Alisikiliza kidogo, akasema binti yule hana adabu, ale. Nilijaribu cha wezi. Akasema wamfunge, basi. Akaweka mkono juu ya kitabu.

"Nataka yule," alisema.

"Mama, si mwanao."

"Najua si mwanangu. Nisomee mwisho."

Nilimtazama mume wangu. Akaitikia kwa kichwa nisome. Nikasoma, na safari hii sikukohoa, wala sikusingizia macho. Homa ikamshika mpagazi. Wenzake wakambeba siku nzima. Akaomba maji, akapewa, akaomba tena, wakakuta amenyamaza. Wakachimba kwa majembe ya mzigo. Mnyapara akapiga filimbi, wakaondoka. Kitabu kinaishia hapo, msafara unaondoka, vumbi linatua.

Mama wa Nzuguni akavua shanga zake shingoni, akaziweka mapajani. Kisha akalia. Si kilio cha kificho, ni kile kilio cha msiba, cha sauti, kinachotoka tumboni. Wanawake waliokuwa sokoni wakaacha bidhaa zao wakaja mbio, na kama ilivyo desturi walianza kulia kwanza, ndipo wakauliza nani amefariki. "Mpagazi," akajibu. Wakalia zaidi, maana kila mmoja alikuwa na wa kwake aliyepita njia ile. Askari mmoja wa boma alikuja kuona kuna nini, akakuta baraza nzima ya wanawake, akarudi alikotoka.

Alipotulia nilimpa maji. Nikamuuliza, kwa sauti ya chini, kwa nini, na yeye anajua.

"Wangu sijamlilia," alisema. "Simlilii, sijaambiwa amekufa. Lakini huyu amekufa, nimesikia mwenyewe. Na mama yake hajui! Yuko mlangoni mpaka leo, kitabu kimefungwa, hakuna aliyekwenda kumwambia. Nani amlilie?"

Nilikuwa nimesoma kitabu kile mpaka kurasa zimelegea, na sikuwahi kurudi mlangoni kwa yule mama. Mtu mmoja asiyejulikana, Pwani huko, alichovya kalamu kwenye wino, na hapa Dodoma msiba wa kweli umekaa chini na kulia kwa ajili ya mtu ambaye hakupata hata kuzaliwa. Mungu ndiye mwenye kuumba, sisemi vingine. Nasema tu niliyoyaona.

Nzuguni walikaa matanga. Ndiyo, walikaa, ya mpagazi wa kitabuni, na yule mzee shemeji ndiye aliyetoa mbuzi. Tulikwenda mimi na mume wangu na karani. Tulikula ugali wa uwele kwa mlenda, na watu walisimulia sifa za marehemu: mvumilivu, mlaji, mpiga mluzi. Hakuna aliyemchanganya na kijana wa nyumba ile. Ngozi yake ya kulalia ilikuwa imening'inizwa juu, haikuguswa.

Kisha reli ikaendelea, ikapita Tabora, ikaelekea ziwani, na watu walioaminika wamemezwa na nchi wakaanza kurudi ndani ya mabehewa. Si wengi. Siku moja ya soko nilimwona mama yule anakuja mbio, na kwa umri wake nilidhani amefukuzwa. Amemkamata mkono mwanamume wa makamo mwenye kofia ya kazi ya reli na viatu vilivyomshinda, na masikio yaliyotogwa yananing'inia chini ya kofia. Nilijua kabla hajasema. Nilipiga yowe, mume wangu akajichoma sindano. Wa kweli! Wa kwake, ana jasho, ana njaa, anatusalimu kwa aibu! Alifanya kazi za watu huko, akaugua, akapona, akafunga mataruma ya reli mpaka reli yenyewe ikamrudisha. Tulimshika mashavu tusiomjua. Soko zima lilikuwa linataka kumgusa.

Mama hakungoja tumalize. Nyumbani mwanawe alikuwa hajafika, ngozi yake haijashushwa, mzee hajamwona. Alimketisha kwenye kona ile aliyozoea kukaa yeye, akanigeukia.

"Msomee yule," akasema.

Mwanawe akacheka kidogo, akanitazama mimi, akakitazama kitabu mkononi mwangu. Huko alikokuwa alikwishajifunza mambo. "Mama, vitabu hivi si hadithi tu za kutungwa?"

"Najua," mama alimwambia. "Kaa. Nilipokuwa sijui kama u hai au u mfu, machozi yako nilimlilia yeye."

Akavua kofia. Nikafungua ukurasa wa kwanza.